Jicho la Kushoto

Vedasto alikuwa akiifuata njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji, na jua la Tabora likamwingiza katika kanisa kuu asilolijua. Ndani, sakafu ilielea katika mwanga wa buluu na zambarau. Juu ya jukwaa la miti, fundi mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa akisafisha dirisha la vioo vya rangi kwa namna ileile isiyobadilika: alisokota pamba kwenye kijiti, akailowesha kwa ulimi, akamgusa Bikira Maria aliyechorwa kiooni shavuni, akaitazama pamba, akasokota nyingine. Aliimba Kinyamwezi chini kwa chini, kama anayebembeleza mtoto.

"Unampaka Mama Maria mate!" bibi Dafrosa, mtunza kanisa, alimfokea kutoka chini.

"Shikamoo, bibi. Sabuni ingemfuta uso."

"Marahaba. Ukifutika, wazee wa parokia wanaweka kioo cheupe cha dukani. Wameshaapa."

Jicho la kulia likatoka safi. Fundi alipogusa la kushoto, wimbo ulikatika. Pamba ilirudi na chembe za rangi nyeusi ya kope. Akaushusha mkono taratibu.

"Rangi ya jicho hili inashikiliwa na moshi wa mishumaa tu. Naliacha na masizi yake."

"Akae na chongo?"

"Akae na uso wake, bibi."

Bibi Dafrosa alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Yesu wangu, anatukonyeza!"

Fundi hakucheka. Alifunga mkoba wake, akashuka, akashika njia ya mtaa wa Isevya kwa miguu. Vedasto alibaki kwenye benchi, zambarau ikimpanda magotini.