Tawi la Kijani la Wifi

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kuona pindo lililofumuka akanyamaza, hata kama limevaliwa na mtu asiyemjua. Cherehani yake ilikaa barazani, na kutoka hapo, juu ya ukuta mfupi, aliuona ua wote wa wifi yake. Afadhali asingeuona.

Wifi huyo, dada wa mumewe, hakupanda maua. Alipanda majani. Kulikuwa na majani meusi kama ganda la biringanya, majani yenye mishipa myekundu, majani yenye manyoya laini kama sikio la paka. Na katikati, ndani ya chungu kikubwa, ulisimama mti wa kimo cha mtoto, majani yake nusu ya kijani nusu meupe, kana kwamba aliyeyapaka aliishiwa rangi katikati ya kazi. Wapita njia walisimama langoni kuutazama. Kwa Mama Pindo hakuna aliyesimama langoni ila mwenye suruali ya kupunguzwa.

"Majani yanaumwa hayo," alikuwa akisema, mguu ukikanyaga cherehani kwa nguvu. "Mmea mzima ni wa kijani."

Siku binti yake alipotangaza kwamba wazazi wa mchumba wake watakuja kuwasalimu, Mama Pindo alianza palepale kupanga viti kichwani. Binti akasema, bila hata kuinua macho kwenye simu, "Mama, tukawapokelee kwa shangazi. Kule kunapendeza."

"Na hapa?"

"Hapa pana... vitambaa."

Kuzaa azae yeye, kulea alee yeye, halafu wakwe waje wakae kwenye kivuli cha mwingine na kumsifu mwingine? Kesho yake alikwenda kwa muuza miche, akapita katikati ya vichungu kama anayechagua kitambaa cha suti. Akaonyeshwa jani la zambarau. Wifi analo. Jani la madoadoa. Wifi analo. Lililojisokota kama msuko. Wifi anayo mawili.

"Nataka lile la rangi mbili," akasema mwishowe.

"Hilo, mama, sina. Halioti kwa mbegu. Unaomba tawi kwa mwenye nalo."

Aombe! Angemeza sindano kwanza.

Basi wifi alipotoka kwenda sokoni, Mama Pindo aliingia langoni kwake na mkasi wa kukatia vitambaa, ule ambao mumewe aliwahi kununiwa kwa kuukatia karatasi tu. Akauzunguka mti. Matawi mengi yalikuwa membamba, majani yake meupe meupe, yamenyong'onyea kidogo. Lakini chini, karibu na shina, lilichomoza tawi moja nene, majani mapana ya kijani kitupu, linang'aa kwa afya. Yeye aliyechagua nyanya maisha yake yote alijua kitu kizima akikiona. Weupe utakuja wenyewe likikua, alijiambia. Akalikata, akalificha chini ya mtandio.

Alilipanda kwenye kopo la rangi nyuma ya jiko. Likashika. Likatoa jani, kijani. Likatoa jingine, kijani. Akalihamishia juani, akalirudisha kivulini, akaligeuza, akaligombeza. "We vipi? Mama yako ana mabaka, wewe umemfuata nani?" Nalo likazidi kunenepa na ukijani wake kama mchicha. Ng'ambo ya ukuta, mti wa wifi, badala ya kudhoofika, ukafumua majani meupe kuliko wakati wowote. Mama Pindo alikosa hamu ya kula.

Siku ya wageni ikafika. Asubuhi wifi aliingia kuazima viti, akapitia nyuma ya jiko, akasimama mbele ya kopo.

"Huyu namjua," wifi alisema akilishika jani. "Si yule mnyonyaji wangu huyu! Wifi, ni wewe?"

"Nimenunua kwa muuza miche," Mama Pindo alijibu, haraka mno.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi yangu jamani! Tawi la kijani kitupu likitokea, linakula chakula cha wenzake wote, mti mzima unarudi kuwa kijani. Nilitaka kulikata, kila nikishika kisu nalionea huruma. Natoka sokoni nakuta limekatwa safi, mshazari, kama kola ya shati. Nikasema, mwenye mkono huu Mungu ambariki."

Binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alisikia yote.

Wageni walikaa kwa shangazi. Mama wa mchumba aliusifu mti ule mpaka akaugusa, ndipo wifi akanyoosha kidole kwa Mama Pindo. "Msifuni huyu. Mti ulikuwa unanipotea, mkono wake ndio uliouokoa." Wote wakamgeukia na pongezi. Yeye akatabasamu kwa meno ya mbele tu. Hakujua kama amepewa heshima au amechomwa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hata kwa wema wifi alikuwa amemtangulia.

Binti akanyanyuka upande wa shangazi, akaburuta kiti chake, akaja kukaa kando ya mama yake. Akamwinamia sikioni.

"Mama, kwa mkasi wa vitambaa?"

"Nyamaza."

"Ndiyo maana nilipouazima kwa siri ulikuwa umegandana kwa utomvu. Mimi nikadhani nimeuharibu, nikausugua mpaka vidole vikaniuma." Mabega yake yalitikisika kwa kicheko alichokibana.

Mama Pindo alipima kwa jicho, kama anavyopima upana wa kitambaa, umbali wa kiti cha binti mpaka kwake, kisha mpaka kwa shangazi. Kwake palikuwa karibu zaidi. Hata hivyo akanyoosha mguu polepole chini ya gauni, akauzungushia kwenye mguu wa kile kiti, kisije kikarudi kilikotoka.