Wi-Fi Katika Chumba cha Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mashine ya kuchonga mbao ni ugonjwa wangu wa Jumamosi. Ni meza ndogo ya chuma yenye mota juu yake. Unachora ua kwenye simu, simu inatuma kazi kwa Wi-Fi, na kisu kinatembea chenyewe juu ya ubao mpaka ua litokee. Vipuri nilivikusanya kidogo kidogo kutoka Beni. Mama mkwe wangu alipoiona mara ya kwanza, alimwambia binti yake kwamba mumewe amenunua cherehani isiyo na uzi.

Maneno hayo yalinichoma. Kwao Lubero wanaume wana mikono: wanalima viazi, wanapasua mbao, wanajenga. Mimi nina chaki. Basi alipokuja kwetu Bulengera kutibiwa macho, niliapa kwamba hatarudi na kitenge cha dukani kama wanavyopewa mama wakwe wengine. Nilijua sanamu yake ya Bikira Maria inasimama juu ya kopo la maziwa. Ningemchongea rafu ndogo ya ukutani, yenye maua pembeni, kwa mikono yangu. Haya, kwa mikono ya mashine yangu. Ningeshindwa, angepanda gari la Lubero bila kitu, na ukoo mzima ungejua kwamba mwalimu hana lolote.

Shida ni kwamba modemu, kile kijisanduku kinachotoa Wi-Fi, hukaa katika chumba cha wageni, maana dirisha lake ndilo linaloelekea mnara wa simu. Na chumba cha wageni sasa kilikuwa cha mama mkwe. Kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake, hata kuchungulia hachungulii. Kuomba kitu kitolewe humo ni kama kumwambia ahame. Tena hamzungumzi ovyo ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mtu wa katikati, na mtu huyo alikuwa mke wangu, anayeshinda sokoni akiuza maharagwe.

Mashine ilianza vizuri. Jani la kwanza, la pili, halafu simu ikasema hakuna muunganisho. Kisu kikabaki kinazunguka palepale, ubao ukaungua, moshi ukajaa. Baada ya muda Wi-Fi ilirudi yenyewe, nzima kabisa, kama haijafanya kosa. Nikaweka ubao mwingine, ikanitoroka tena. Ningetumia waya, lakini waya uliliwa na panya.

Nilitafuta ugonjwa kama daktari mwenye hasira. Nilibandua bati la ukutani, nikidai linakula mawimbi. Nilisogeza nyaya za mota mbali na antena. Nilimpigia rafiki yangu wa Beni, mwenye mashine kama yangu, akaniambia nibadilishe chaneli, nikabadilisha mpaka zikaisha. Mke wangu alitumwa kuangalia taa za modemu kila jioni, akasema zinawaka zote.

"Basi uikalie karibu muchana, uiangalie," rafiki akasema.

Nikamweleza nani analala humo. Alicheka mpaka yuniti zangu za simu zikaisha.

Siku moja kabla ya mama mkwe kuondoka, ubao uliobaki ulikuwa mmoja tu. Mashine ilifika katikati, Wi-Fi ikakatika. Safari hii niliwahi kuinua kisu kabla hakijaunguza. Mke wangu alikuwa sokoni. Damu ikanipanda kichwani, nikatoka mbio hadi korido. Mlangoni kwa mama mkwe alisimama kuku.

"We kuku," nikasema kwa heshima zote, "uliza mama kama taa za ile modemu ziko zinawaka."

Kisha sauti ikatoka ndani: "Kuku, ambia mukwe hapana. Nimeizimisha."

Nikamwinamia kuku. "Kuku, uliza mama, ameizimisha juu ya nini?"

"Ambia yeye, ile kitu inafanya moto sana. Taa yake usiku na muchana, hailale. Donc mi naitosha ku umeme ipumzike, ikipoa nairudisha. Naogopa isiunguze nyumba ya mukwe na batoto."

Wiki mbili nimetukana bati, nyaya na kampuni ya mtandao, kumbe kuna mtu analinda nyumba yangu. Niliona aibu, na kicheko kilikuwa kinanikaba. Kuku naye akaondoka, akatuacha bila mkalimani.

"Mama, pardon," nikauambia mlango. "Hiyo njo inapelekaka kazi ku mashine. Na hii kazi iko ya mama."

Mlango ukafunguka. Nikageukia ukuta haraka, tusitazamane. Akapita nyuma yangu na modemu imefunikwa kitenge kama mtoto mchanga, waya unaburuta. Mbali na dirisha lile haikuwa na intaneti, lakini mashine haikuhitaji intaneti, ilihitaji modemu tu. Aliketi barazani, karibu na mashine, akinipa mgongo, nikamrushia waya wa umeme bila kumtazama, akaanza kuipepea modemu kwa ungo. Taa zilipopepesa aliibembeleza: "Vumilia kidogo, tuko karibu."

Kisu kikaendelea pale kilipoishia, kikamaliza. Nikaiweka rafu nyuma yake, nikarudi hatua kadhaa. Aliipapasa polepole.

"Hii ni maua ya viazi bya kwetu," akasema, si kwa kuku, kwangu mimi.

Mke wangu alirudi na beseni tupu, akatukuta tumepeana migongo, baraza lote limejaa maranda.

"Nani njo amechonga hii?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Ni siye babili na mukwe wangu. Yeye alitia mikono, mi nilishika moto."

Nina diploma ukutani. Haijawahi kunifurahisha namna ile.