Walinipa Kiti cha Mshauri, na Mimi Nilienda Kuomba Msaada

Admini, nifichie jina na shule ninayofundisha. Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, ni mwalimu wa sekondari upande wa Mogogosiek. Mimi ni mlevi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuisikia kutoka kinywani mwangu, na shida yangu yote iko hapo.

Sinywi baa. Nanunua vodka mbali na nyumbani, naimimina kwenye thamosi, na huku kwetu nani atakuuliza thamosi yako ina nini? Nimesahihisha mitihani nikiwa hivyo. Nimeongoza maombi ya wanafunzi nikiwa hivyo. Mikono ikianza kutetemeka asubuhi naificha kwenye mifuko ya koti, na watu wanasema mwalimu anasikia baridi.

Miezi michache iliyopita tulienda Kiptere kumzika babake mwalimu mwenzangu. Wakati wa matangazo mzee mmoja alisimama akasema wanaotaka kuacha pombe hukutana Jumapili baada ya kanisa, kwenye kibanda cha kupimia majani chai, kwa sababu siku hiyo hakuna kupima. Watu wengine walicheka. Mimi niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu. Kiptere hakuna anayenijua, nikajiambia. Huko naweza kusema.

Nilifika nikiwa nimetoka kanisani, nimevaa vizuri, na nafikiri ni nguo zile zilizoniponza. Waliokuwepo ni wachuma chai, wakulima wadogo, na fundi mmoja wa mitambo kutoka upande wa ziwa, nitamwita Omondi. Yule mzee, ambaye ndiye mwenyekiti, alipangusa kiti cha pekee cha plastiki akakiweka mbele. Mnajua desturi yetu. Mgeni haachwi aketi kimya. Lazima asalimie watu, na akionekana amesoma, lazima aongeze neno.

"Chamgei," mwenyekiti akasalimia. "Tumeomba siku nyingi tuletewe mtu wa kutufundisha, na leo amekuja. Madam, tusalimie halafu uongee na sisi."

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yangu njia nzima. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ya darasani ikisema, "Mtu anayekunywa peke yake..." Sijui huyo mtu alitoka wapi. Nikaeleza anavyoficha chupa, anavyowachukia wanaompenda kwa kuwa ndio watakaosikia harufu, anavyoapa asubuhi akiwa tayari anajua jioni itakuwaje. Yote yalikuwa yangu, nikampa yeye.

Kisha Omondi akasema, "Madam, ulinichungulia kwa dirisha ama ni bibi yangu alikuambia?"

Wakacheka. Mama mmoja akamjibu, "Wacha wewe. Huyu hata hajawahi kuonja, lakini anatujua mpaka ndani. Hiyo ndiyo kusoma."

Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikanywa mpaka nikalala sakafuni na viatu.

Jumapili iliyofuata nilienda kusahihisha kosa. Yule mama, nitamwita Mama Cherono, alinipokea nje akanishika mikono yote miwili. Alikuwa hajagusa pombe tangu aliponisikia nikiongea. Zamani alikuwa akipika chang'aa na kuinywa mwenyewe, mpaka binti yake akawazuia watoto wasifike kwa nyanya yao. Sasa wameanza kuja. Ningesema nini wakati huo? Nikaenda nikaketi kwenye kile kiti.

Sasa ananipigia simu jioni. "Madam, kiu imenishika. Niambie kitu." Na mimi namwambia. Anywe uji, atoke nje, aende kwa jirani akae huko mpaka ipite. Maneno yangu yanamsaidia. Siku moja nilimwambia hayo nikiwa na glasi mkononi, akanishukuru, akasema, "Wewe umebarikiwa. Wewe hii vita huijui."

Nilijaribu kutafuta kikundi kingine. Nikasikia kuna kimoja Sigowet. Kabla sijaenda, mwenyekiti wao alinipigia. Amesikia sifa zangu, anaomba niende niwafundishe.

Jumapili hii wa Kiptere wananifanya mlezi wa kikundi. Binti ya Mama Cherono anakuja na watoto wake kunishukuru. Na wiki iliyopita niliamka nikakuta jiko la gesi likiwaka, sufuria imeungua, na sikumbuki kuliwasha. Najua ninakoelekea. Siwezi kupona mahali ambapo kila mtu anaamini siumwi.

Nikisema ukweli, naogopa Mama Cherono atajiambia kwamba kama aliyemfundisha ameshindwa, yeye ni nani aweze. Akirudia pombe, wale watoto watazuiwa tena, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewazuia. Nikinyamaza, siku moja watakuja kunizika wakishangaa. Kuna saa nafikiri nizime simu tu, nipotee, kisha nakumbuka hana mwingine wa kumpigia.

Nauliza zaidi nyinyi mlioacha pombe. Kama mngekuwa nafasi ya Mama Cherono, mngetaka kujua? Amenipigia nikiandika haya, sijashika. Sasa anapiga tena. Nimwambie nini?