Tope Lisilotajwa Mbele ya Madam

Jairus Walubengo wa Tongaren alikuwa na tai moja tu, nayo aliifunga mwaka wa 1985 alipopata kazi ya ukalimani wa utafiti. Majirani walimcheka, ati mahindi hayaogopi tai. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka na Chepkorir, mtafiti wa kike, kijana kutoka Kitale, akigeuza maswali yake kuwa Kibukusu.

Siku moja wakafika kwa baba mzazi wa Jairus, Mzee Wepukhulu. Chepkorir akaonyesha kinamasi kilichokuwa chini ya shamba, akauliza kinawapa faida gani. Mzee akatazama kuku. Akasema hakuna.

Jairus alijua mzee anaficha nini. Kila mwaka wa tohara, alfajiri ya Agosti, vijana wa ukoo wao walipelekwa pale uchi, wakaoga, wakapakwa tope baridi mwili mzima kabla ya kurudi nyumbani kukikabili kisu. Mzee alipakwa pale, na Jairus vilevile. Lakini mahali hapo hapatajwi mbele ya mwanamke, na mtoto hamsahihishi baba mbele ya mgeni. Jairus akatafsiri, "Hakuna, Madam." Tai haikumsaidia.

Ripoti ikasomwa kwenye ofisi za serikali Bungoma: ardhi ile imelala bure. Mitaro ikachimbwa, maji yakaenda zake, mahindi yakapandwa. Mavuno ya kwanza yaliwanyamazisha hata wale waliomcheka Jairus. Kisha kisima cha akina mama kikakauka, nyasi za kuezekea zikapotea, ng'ombe wakawa wananyweshwa mbali. Kumbe vitu vile vyote vilikuwa vimeshikana, na watafiti waliuliza habari za magunia ya mahindi tu.

Mwaka wa 1990 ikafika zamu ya Wabwile, mwanawe Jairus. Mzee alikataa kabisa kuomba tope la ukoo mwingine. Basi Jairus akachimba udongo katikati ya mahindi, akaukoroga na maji ya debe. Ulikuwa laini mno, ukamtiririka kijana hadi magotini. Wabwile alisimama wima, hakupepesa jicho. Aliyetetemeka ni mzee. Alizikwa kabla ya Krismasi, na asubuhi ile hakuizungumzia hata mara moja.

Miaka mitatu baadaye Chepkorir akarudi na maswali mengine. Sasa alitaka kujua watu wanathamini nini, na ni nani asiyeweza kusema nini mbele ya nani. Jairus akamweleza yote.

"Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Ningekwambia vipi, Madam? Si mzee alikuwa ameketi hapo?"

"Na leo?"

"Leo mzee hayuko. Tope pia haliko. Nimwonee nani haya?"

Chepkorir akaomba kuonyeshwa mahali penyewe. Wakaingia kati ya mistari ya mahindi, Jairus mbele. Akasimama, akageuka, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena. Mahindi yalikuwa yamefanana pande zote. Hakupaona.