Modemu Yangu Yaenda Buruburu

Nilikwenda Nairobi kwa sababu mhariri wa gazeti letu dogo la Moshi alinipa nafasi ya mwisho: makala kuhusu maseremala wa soko la Gikomba imfikie Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo nitafute kazi nyingine. Nikacheka. Nilikuwa na laptopu, jamani! Kuukuu, nzito kama tofali, lakini ina modemu, ile ya kuchomekwa kwenye waya wa simu ya mezani, ikapiga yenyewe hadi kompyuta ya ofisini.

Mpakani Namanga, afisa wa forodha aliifunua, akaitazama, akaifunika.

"Hii ni ya kuuza?"

"Ni ya kazi, afande."

"Pole," akasema, akanigongea mhuri.

Buruburu, Ijumaa alasiri. Maseremala nilishamalizana nao, makala tayari. Mama mdogo, aliyeolewa huko Nairobi, akafungua kufuli la kisanduku cha simu. Hukifunga majirani wasipige akiwa hayupo. Modemu ikasikiliza laini, ikagoma. Eti huo mlio haiujui, niichagulie nchi. Nikatafuta Kenya, wapi! Haimo.

"Weka Uingereza," mama mdogo akasema. "Si ni wao walituachia hizi waya?"

Nikaweka. Lo! Ikapiga, ikaanza kukwaruza na kulia kama mbuzi anayeburutwa. Nikajipigapiga kifua.

Hapo akaingia jirani, Mama Awino. Kila Ijumaa binti yake aliye Doha humpigia kwenye simu hiyo.

"Hiyo kitu inaongea na nani?"

"Na Moshi, mama. Subiri kidogo."

"Ati kidogo? Na Awino akipiga apate laini iko bize?"

Akachomoa waya wangu, akarudisha wa simu. Haikupita dakika, ikaita. Wakacheka, wakasalimiana ukoo mzima, na mama mdogo naye akapewa zamu. Mimi nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Walipomaliza nikachomeka upya. Ikakata. Nikarudia, ikakata tena, nikawa naibembeleza kama mgonjwa hadi saa kumi na moja ikapita.

Jumatatu, Moshi. Kwenye kiti changu amekaa mtu mwingine. Nilipomsimulia yaliyonikuta, mhariri hakupaza sauti.

"Kwa mama yako mdogo kuna simu?"

"Ipo, mzee."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri sana."

"Sasa kwa nini hukunipigia ukanisomea?"

Nilijifunza hapo hapo, nimesimama, begi begani: alasiri nzima nilikaa mbele ya simu nzima, na haikunijia akilini hata mara moja kuongea.