Kichekesho cha Msibani na Kura Yangu

Mwaka mmoja nilirudi Kilosa kwa likizo ya chuo, nikajikuta jaji wa filamu. Sikuwa na sifa yoyote. Mwenye kibanda cha video karibu na stesheni alihitaji mtu wa tatu ili kura zisifungane, na alisikia nasoma chuo kikuu. Kila wilaya ilitakiwa kuteua filamu moja ikawanie tuzo Morogoro. Zilikuwa filamu za watu wa huku huku, zilizopigwa kwa kamera za harusi. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kamera na deki za video zilikuwa zimeenea hadi Mikumi.

Zilibaki mbili. Moja ilimhusu mjane wa Tindiga aliyenyang'anywa shamba la mpunga, akalia tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingine ilikuwa kichekesho cha fundi cherehani wa sokoni: mtani anafika msibani, anavaa kofia ya marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa. Mwenye kibanda aliitaka hiyo, maana siku alipoionyesha watu walijaa mpaka madirishani. Jaji mwenzake, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano, hakutaka hata kuisikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usiniambie na wewe umecheka."

"Nimecheka, mwalimu."

"Basi umeburudika. Mtu akiteleza kwenye tope pia tunacheka. Naye tumpe tuzo?"

Lilikuwa swali zuri, likanisumbua siku nzima. Jioni nilimrudia na langu: mbona machozi hatuyaulizi hivyo? Hata kitunguu kinaliza.

"Chuo kimekufundisha ubishi tu," alisema, lakini alitabasamu.

Kesho yake nilipita kwa fundi. Alikuwa anapindua kola ya shati, hakuinua macho.

"Msomi, umekuja kuninyonga?"

"Sijaamua."

"Amua upesi. Filamu isipoteuliwa, mwenye kamera anachukua kamera yake, anarudi kwenye harusi zake. Kikundi chetu cha maigizo kimekufa. Mimi nitabaki na suruali zenu zilizochanika."

Fundi ni mtani wetu. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge. Sisi ni Wasagara. Baba yangu alipofariki, fundi alivaa kofia ya reli ya marehemu, akaingia uani akiburuta mguu wa kushoto kama yeye, akamfokea mama: "Chai gani hii? Umechota mto Mkondoa na tope lake?" Mama alikuwa hajala siku tatu. Alicheka mpaka akashikwa asianguke, kisha akaomba uji. Mimi nilichukia. Kofia fundi aliondoka nayo, kama watani wanavyofanya, na ndiyo aliyoivaa kwenye filamu.

"Siku ile," nilimuuliza, "ulijua mama atacheka?"

Aliacha kukanyaga cherehani.

"Ningejuaje? Nilisimama nyuma ya choo chenu, nusura nirudi nyumbani. Kama asingecheka, ningekuwa nimemtukana maiti mbele ya mjane wake. Kulia wangelia hata bila mimi."

Nilirudi kibandani na jibu hilo. Nilimweleza mwalimu kwamba aliyeteleza kwenye tope hakukusudia kutuchekesha, wala hana cha kupoteza zaidi ya suruali safi. Fundi alikusudia, na angekosea kidogo tu, asingeweza tena kuingia uani kwetu. Kura yangu niliipa filamu yake.

Mwalimu alikuwa na swali moja.

"Ile kofia ya kwenye filamu ni ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Basi hapa hukuwa jaji, mwanangu. Ulikuwa mfiwa."

Mwenye kibanda alianza kubisha, mwalimu akamnyamazisha kwa mkono. Kura zilikuwa mbili kwa moja, na yeye si mtu wa kukataa hesabu. Alisaini fomu wa mwisho, kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu.

Filamu ilikwenda Morogoro, haikushinda. Lakini kwa sababu iliteuliwa, kamera ilibaki kwa fundi msimu mwingine mzima. Neno la mwalimu sijamaliza kulitafakari mpaka leo. Huenda nilipendelea. Ila najiuliza: jaji ambaye hajawahi kusikia kicheko msibani kwao angeipimaje kazi ile?