Habari Niliyoitoa Mara Nne

Mzee niliyemlea Doha alikuwa akiweka kiyoyozi digrii kumi na sita, kisha anavaa sweta ya sufi. Nje Julai inawachoma watu, ndani mimi natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nilinung'unika kwa Kiswahili, naye akadhani naimba, akawa ananipigia makofi.

Nilimwita Nyanya. Alitoka Aisilandi, kisiwa kilicho kaskazini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufikiri kuna mtu anayezaliwa. Binti yake, niliyemwita Madam, alikuwa na kazi ya ofisini na nyumba katika ghorofa ya kumi na moja pale Pearl, mtaa wa kando ya bahari, na alimleta mama yake huku baada ya mama kusahau jiko likiwaka mara ya tatu. Mimi nililetwa na ajenti kutoka Kenya nimlishe, nimwogeshe na nimtembeze kule chini kando ya maji jua likipoa. Kumsikiliza hakukuandikwa kwenye mkataba, lakini ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Ya asubuhi aliyasahau kabla ya mchana. Ya utotoni aliyashika kama sala. Aliniambia katikati ya nchi yao hakai mtu, ni mawe na barafu tu, na watu wote wamejipanga pembeni wakitazama bahari. Mtu huko anaitwa jina lake na la baba yake, basi. Hata rais huitwa kwa jina lake la kwanza. Bunge lao lilianza zaidi ya miaka elfu iliyopita, nje kwenye miamba, mtu mmoja amesimama akizitaja sheria zote kutoka kichwani. Jeshi hawana.

"Sasa mkivamiwa je?" nikamuuliza.

"Tutawapa samaki," akasema bila kucheka. Samaki ndio waliojenga nchi, kwa maelezo yake, na ndio waliomsomesha yeye.

Aliposema maji ya moto hutoka ardhini yenyewe na kupasha nyumba joto, nilimkatiza. Nikamwambia kwetu Baringo pia yanatoka yakichemka, watu huchemshia mayai. Akaniangalia kwa heshima mpya. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwao.

Lakini alichokipenda zaidi ni kondoo. Kiangazi huachiwa milimani bila mchungaji. Septemba majirani wote hupanda kuwateremsha, wakawaingiza katika zizi moja la mviringo, na kila shamba huwatoa wake kwa kuangalia alama ya sikio. Alichukua ganda la chungwa na mkasi wa kucha akanikatia alama ya kwao: sikio la kulia halina ncha, la kushoto lina pengo kwa nyuma. Baba yangu pia alikuwa na alama yake ya mbuzi, nami ningeijua hata gizani kwa kidole. Tulikaa pale mezani, wafugaji wawili wasio na mnyama hata mmoja, tukaharibu machungwa ya Madam.

"Septemba tunaenda, mimi na wewe," alikuwa akisema. "Kaka yangu anatungoja."

Kaka yake alikuwa amekufa msimu wa baridi uliopita. Watoto wake waliliuza shamba kwa watu wa hoteli, kwa kuwa siku hizi wageni wanaokuja kutazama mianga ya rangi angani usiku wanaleta pesa nyingi kuliko kondoo. Madam alinieleza haya jikoni, mlango umefungwa. Mama aliambiwa kwa simu, akasahau. "Akiuliza, badilisha mazungumzo," akasema.

Nilikasirika. Mzee afiwe na nduguye, afichwe kama mtoto! Kwetu habari ya msiba ina adabu yake. Mtu huketishwa, awe amekula, umshike mkono, umwambie wazi, kisha ukae naye. Ukishaisema umeitua, hairudiwi. Basi siku moja baada ya chakula cha mchana nilimketisha Nyanya, nikamshika mkono, nikamwambia yote, kaka na shamba.

Alilia polepole, bila kelele. Akauliza kondoo walipelekwa wapi, nami sikujua. Nilikaa naye hadi alasiri. Nililala nikijiona mtu wa maana.

Asubuhi aliamka mchangamfu. "Kaka yangu amepiga simu?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Kumbe habari yangu haikukaa popote. Na kwa vile mimi ni kichwa kigumu, nilimketisha tena. Akalia kilio kilekile cha kwanza, maana kwake kilikuwa cha kwanza. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne alitapika chakula chote, akanishika nguo kifuani: "Mbona hamkuniambia? Mbona mlinificha?" Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda Al Rayyan, nje kidogo ya Doha, kwa rafiki yangu, Mkenya mwenzangu aliye nesi. Nilipomsimulia aliweka kikombe chini.

"Wewe! Si unamuulia huyo mzee ndugu yake kila siku? Wacha hizo story za ushago, za huko kijijini. Mwambie brathe yake yuko poa, imeisha."

"Huo ni uongo."

"Ni dawa. Mimi huipeana kila shift."

Nilianza Jumamosi. Nyanya alipouliza, nikasema kaka yake yuko mlimani, simu haishiki huko. Uso wake ukafunguka. Kesho yake nikaongeza kwamba majani ni mazuri mwaka huu. Baadaye nikamtungia kondoo mmoja aliyevunjika mguu na akapona, na Nyanya akamuulizia afya yake kwa wiki nzima. Alinenepa kidogo. Madam alinisifu, akasema nimejua kumtuliza. Sikuwa nikibadilisha mazungumzo kama alivyoniagiza. Nilikuwa nikifuga kwa mdomo, na uongo ulininogea. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Septemba ilipofika, tiketi ilikatwa kweli. Madam alikuwa amempatia mama yake chumba katika nyumba ya wazee mjini kwao Aisilandi, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari. Angempeleka yeye na kurudi baada ya siku tano. Kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza hadi uwanja wa ndege.

Nyanya alikaa kwenye kiti cha magurudumu amenyooka kama bibi harusi. "Kaka atakuja kutupokea?" akauliza. Madam akainama, akatafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo. Nikaona hakuna wa kujibu ila mimi.

"Atakuja, Nyanya."

Akanivuta karibu, akanong'ona ili binti yake asisikie. "Hawa wote wananificha jambo, nawaona machoni. Katika nyumba ile, wewe peke yako hujawahi kunidanganya."

Nikamwambia ahsante. Mhudumu akakisukuma kiti kuelekea ukaguzi, naye hakugeuka kunitazama. Alikuwa na haraka ya kufika.